Saksofoni ya Sehemu ya Pili

Mwaka serikali ilipopiga marufuku saksofoni kuwa ni ala ya Amerika, mume wangu Kamran alikuwa akiipiga katika bendi ya sinema pale Baku. Askari walichukua ala kwanza, kisha wakarudi kumchukua mpigaji. Nikabaki na wifi yangu Zarifa, mwalimu wa piano, tukisikiliza viatu vya watu kwenye ngazi na kusubiri vipite mlango wetu.

Zarifa alikuwa ndiyo kwanza amemaliza utungo mrefu wa piano na okestra. Kila aliyeusikia alitambua ndani yake nyimbo zetu za jadi za mugham. Lakini sehemu ya pili ilikuwa jazi tupu, ile aliyokuwa akiipiga Kamran jikoni huku chai inapoa, akimtania dada yake kwamba vidole vyake vimevaa tai.

"Ichome," nilimwambia.

"Nimchome kaka yangu?"

"Wifi, watakubeba na wewe. Mimi nibaki na nani?"

Alikwangua neno saksofoni kwa wembe, akaandika klarineti. Kalamu ikatoboa karatasi pale palipokwanguliwa.

Kisha akaitwa aupige mbele ya kamati ya kukagua muziki. Nilikwenda naye kumfunulia kurasa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Fikrat, mzee aliyewafundisha muziki Zarifa na Kamran tangu wadogo. Tulipoingia hakututazama.

Sehemu ya kwanza ilipita salama. Kwenye ya pili, kijana mmoja wa kamati, Tofig, akainua kalamu.

"Hapo. Rudia hapo."

Zarifa akarudia. Niliona jasho likimshuka nyuma ya shingo.

"Hii inanuka Amerika," Tofig akasema. "Umeitoa wapi, mama?"

Zarifa akaondoa vidole kwenye piano.

"Kwetu Shamakhi," akadakia Mwalimu Fikrat. "Ni ngoma ya harusi."

"Harusi gani ina mdundo huu?"

"Yangu. Ulikuwa hujazaliwa, Tofig, au ulialikwa nikakusahau?"

Wakacheka. Tofig naye akacheka, ila kalamu yake iliendelea kuandika.

Nje ukumbini mzee alimshika Zarifa kiwiko. "Usiupige tena, binti yangu. Harusi nilifunga moja tu, sina nyingine ya kukuokolea."

Mwezi haukuisha, kiti cha Mwalimu Fikrat kikakaliwa na Tofig. Hatukuthubutu kuuliza mzee yuko wapi. Hata njia ya kwao tuliacha kupita.

Kamran alirudi kutoka kambi ya wafungwa ya Karaganda miaka saba baadaye, bila meno ya mbele. Saksofoni zilikuwa zimeruhusiwa, lakini yeye hakuweza tena kuzipuliza. Kondakta mmoja kijana wa okestra alipokuja kuomba utungo ule, Zarifa alimwambia hana utungo wowote, akafunga mlango.

"Mpe, Zarifa," Kamran akasema.

"Wakikurudisha kule je?"

"Nikirudishwa, angalau nitakuwa nimeusikia."

Zarifa akafuta klarineti, akaandika saksofoni, akamwita kondakta na kumpa. Kamran akamfundisha msichana wa chuo cha muziki sehemu ya saksofoni kwa kuimba kwa ulimi na fizi, na akikosea humwambia, "Unapuliza kama unapoza supu!"

Siku ya onyesho tulikaa karibu na mlango, Zarifa koti mwilini. Saksofoni ilipoingia, Kamran alilia waziwazi. Papo hapo mtu aliyekaa nyuma yetu akainuka ghafla. Zarifa alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Mtu yule akatoka, tukamsikia anakohoa nje. Basi, alitoka kukohoa tu.

Watu walishangilia wakataka sehemu ya pili irudiwe, ikarudiwa. Siku hizi inapigwa mpaka Tbilisi na Moscow, na wanafunzi wanaifanyia mtihani. Lakini Zarifa hakutunga tena hata wimbo wa watoto. Nilipomuuliza sababu, alikuwa akikatakata mboga, hakuinua uso.

"Yule mtu alipoinuka, wifi," akasema, "kichwani mwangu askari walikuwa wakinihoji, na nilikuwa nimeshawataja nyote ili nipone. Nilianza na Kamran."

Nikachukua kisu kingine, nikamsaidia kukata.