Kiporo cha Wakwe

Patricie alikuwa na majivuno ya kila aina, lakini makubwa kuliko yote yalihusu sufuria zake. Tangu arudi Rwanda kutoka Bukavu alikokulia, miaka ishirini na ushei akiishi Kamembe, hakuna mgeni aliyewahi kula chakula kilicholala nyumbani kwake. Alilisema hilo kanisani, alilisema sokoni, na alilisema hata matangani, mahali ambapo hakuna aliyemuuliza. Kiporo, kwake, kilikuwa cha wenye nyumba na kuku.

Krismasi hiyo alikuwa amewapikia jamaa kumi na wanane kutoka Bukavu. Wakaja watano, na wawili kati yao walikuwa na vidonda vya tumbo. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya sikukuu, meza ya jikoni ilikuwa na beseni la nyama ya mbuzi aliyoichemsha tena jana jioni isiharibike, kabichi na karoti sufuria nzima, na mikate minane iliyoanza kukakamaa. Alikuwa amepanga wamalize vyote kimyakimya, yeye, mumewe Straton na binti yao Joselyne, kisha aende kununua vitu vipya. Kesho, Jumapili, wakwe wangekuja kumwona Joselyne.

Lakini ilikuwa pia Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda. Siku hiyo kila nyumba hutoa mtu na jembe lake kwa kazi ya kijiji, magari husimama, na soko halifunguliwi mpaka karibu saa sita. Straton alikuwa ameshaondoka kwenda kuzibua mitaro.

Saa moja na nusu mtu akabisha hodi. Patricie alipofungua mlango alimkuta Nyirahabineza, shangazi wa Wenceslas, yule kijana wa kiwanda cha saruji anayemchumbia Joselyne. Mama huyu ndiye aliyemlea Wenceslas baada ya wazazi wake kufa, na neno lake ndilo la mwisho.

"Kesho gari itajaa," alisema, akivua viatu. "Nikasema nikuye leo, mbele ya umuganda. Nilitoka Nyakabuye saa kumi na moja, hata chai sikukunywa. Niko na njaa, Maman Joselyne!"

Patricie alicheka meno yote nje, moyoni akafa. Wilaya nzima ilijua habari ya mama huyu. Miaka miwili nyuma alikwenda kumwona msichana mwingine, akapewa maharage ya kupashwa moto, akainuka kabla sahani haijaisha, na uchumba ukaishia hapo hapo.

Alimkalisha sebuleni, akakimbilia jikoni.

"Tumekwisha," alimwambia Joselyne. "Hakuna boucherie ya kuuza nyama, hakuna soko, hakuna kitu."

Joselyne aliangalia meza. "Maman, tuko na mikate, tuko na nyama. Tupasue mikate katikati, tuingize nyama, tupake yai juu, tutie kwa moto. Nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu hakuyi kuoa hapa, Maman."

Patricie alitaka kumchapa kwa maneno hayo, lakini mgeni alikohoa sebuleni, na kile kikohozi kilikuwa cha njaa. Akawasha makaa. Joselyne aliichambua nyama kwa vidole, akaichanganya na kabichi, kitunguu kibichi na pilipili, akaijaza kwenye mikate, akaweka juu yake vipande vya jibini ya Masisi na kupaka yai. Wakaipanga ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga chini, ile waliyookea keki za ubatizo, wakafunika na kumwaga makaa juu ya kifuniko. Baada ya muda nyumba nzima ilinukia vizuri hata Patricie mwenyewe akasahau kidogo kwamba ni kiporo.

Nyirahabineza aliula mkate wa kwanza kwa adabu, wa pili kwa bidii, na wa tatu bila kusema neno. Kisha akafuta midomo.

"Hii nyama iko muzuri sana," alisema. "Lakini nauliza tu. Soko imefungwa, boucherie imefungwa. Mulipata nyama wapi?"

Hapo ndipo Patricie angeweza kusema kweli, na mambo yangekuwa mepesi. Hakusema.

"Tulichinja."

"Saa ngapi?"

"Leo asubuhi, Maman. Juu yako, kukupokea."

"Juu yangu? Nami nilikuya bila kusema?"

"Moyo uliniambia," alisema Patricie, na masikio yakamwaka moto.

Mama wa watu aliweka sahani chini. Machozi yalimlengalenga. Alisema kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuchinja mbuzi kwa ajili yake yeye, mwanamke wa shamba la mpunga. Patricie aliona haya mpaka akatamani kuingia uvunguni mwa kiti. Kumdanganya mtu mkali ni jambo moja. Kumliza ni jingine.

Straton akaingia wakati huo huo, tope mpaka magotini, jembe begani. Nyirahabineza akasimama, akamshika mikono yote miwili.

"Papa Joselyne, aksanti kwa mbuzi!"

"Mbuzi gani?"

"Ile mulichinja leo."

Straton alikuwa na mbuzi mmoja tu duniani, jike lenye mimba, ambaye alikuwa akimhesabia siku za kuzaa kuliko alivyomhesabia mkewe. Aliangusha jembe, akatimka mbio nyuma ya nyumba. Kisha wakasikia mbuzi akilia, na Straton akilia zaidi yake: "Iko! Iko muzima! Mungu, aksanti!"

Alirudi akitabasamu, akijifuta macho kwa kiganja. "Usiogope, Maman," alimtuliza mgeni. "Hakuna muntu aliichinja."

Nyirahabineza alimgeukia Patricie taratibu. Patricie alifungua mdomo, ule mdomo uliokuwa na maneno hata matangani, ukakauka. Joselyne ndiye aliyepiga magoti, sinia mkononi.

"Tantine, nyama ni ya jana. Kabichi ni ya jana, mikate pia. Ni mimi nilifikiri vile."

"Na uongo ni wangu," alisema Patricie hatimaye. "Usimukatae mutoto juu ya kinywa changu. Ninakuomba."

Alikuwa anaona ndoa ya binti yake ikiondoka mlangoni na viatu vyake mkononi. Mama yule aliinama juu ya sinia. Kisha akachukua mkate wa nne.

"Batu banasema nilikataa ule binti juu ya maharagi," alisema huku akitafuna. "Maharagi ilikuwa imechacha! Nilitoka mbio natafuta choo. Nafika kwangu, nasikia ndoa imekufa, eti nilibadharau. Na mimi niko nashika tumbo."

Straton aliangua kicheko peke yake, akanyamaza peke yake.

"Wenceslas alikomaa na kiporo," aliendelea. "Ni mimi nilikuwa namupatia. Uoga wangu ni bibi arusi mwenye anamwaga chakula." Akamwinua Joselyne kwa kiwiko. "Simama, mukwe wangu."

Kwa neno hilo Patricie alikaa chini. Furaha ilimjaa hata hakusikia vizuri yaliyofuata, ikabidi yarudiwe.

"Nasema, kesho tunakuya batu kumi na mbili. Tunataka hii. Hii hii. Mukinipikia chakula ya mupya, nitajua."

Soko lilipofunguliwa Patricie alikuwa wa kwanza kuingia, kwa sababu nyumbani palikuwa pamebaki mkate mmoja tu, nao mgeni alikuwa ameuwekea macho. Alinunua nyama kilo sita na kabichi mbili. Kwa mwoka mikate aliomba mikate ishirini ya jana, na mwoka akakasirika, akamwambia kwamba dukani kwake hakuna mteja aliyewahi kuuziwa mkate uliolala. Patricie aliondoka na ya leo, akainamisha kichwa.

Alasiri nyama ilikuwa tayari, laini, imekolea vitunguu. Straton, ambaye hakuonja hata mkate mmoja asubuhi, alijongea na uma na sahani.

"Weka chini," alisema Patricie. Alikuwa amekaa juu ya kigoda mbele ya sufuria, mwiko mkononi. "Hiyo ni ya wakwe."

"Kipande moja tu, Maman Joselyne. Inanukia!"

"Usiguse, Papa Joselyne. Bado iko mupya."