Kasi ya Kutoka

Watu huita mafundi wa intaneti nyumbani wapate kujua kampuni ipi ina kasi kuliko nyingine. Mpambaji naye aliwaita, wa kampuni tatu, wote ndani ya wiki moja. Tofauti yake na wengine ni kwamba yeye alimaliza wiki ile akiwa amechagua iliyo mbovu, na alilipiwa.

Namwita Mpambaji kwa sababu ndiyo kazi yake: anapamba kumbi za harusi. Mpe ukumbi wenye kuta zilizobanduka rangi na dari inayovuja, ataufunika kwa vitambaa na maua ya plastiki mpaka bwana harusi asijue yuko wapi. Ana maneno matamu, anajua kuuma na kupuliza, na wateja wake hawana la kumlaumu. Mimi ninalo.

Mama yake mzazi alikuwa akiishi kwake tangu apigwe na kiharusi. Ugonjwa ulimchukua upande mzima wa kulia pamoja na ulimi, ukamwachia mkono wa kushoto, macho, masikio na akili timamu. Heri ungechukua na akili. Akitaka kusema maji, kinywa kilitoa "ta". Akitaka kusema nigeuzeni, kinywa kilitoa "ta". Mpambaji alimhamishia chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya vitu vya harusi, akamwekea kitanda katikati ya viti vya kukodisha na matao ya chuma. Yule mwanamke aliyeajiriwa kumwogesha na kumgeuza alifukuzwa mapema. Mshahara wake uliendelea kuja kutoka ng'ambo na kugeuka vitambaa vya satini.

Aliyekuwa akiutuma ni mdogo wake Mpambaji, mtoto wa mwisho wa mama huyo, anayeishi huko ng'ambo na mkewe. Nyumbani wanamwita Kitindamimba mpaka leo, na upara anao. Kila Jumapili mchana alipiga simu ya video ili amwone Mama, na kila Jumapili bando la Mpambaji lilikata katikati. Siku moja akachoka.

"Dada, Mama simwoni. Namwona kama doa," alisema. "Weka intaneti ya maana hapo ndani, nitalipa mimi. Linganisha kampuni zote, pima kasi, halafu uniambie ipi nzuri."

"Usijali mdogo wangu. Mama ndiye dunia yetu," alijibu Mpambaji.

Mama alisikia kila neno. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imeoza kwa kulala upande mmoja, kidonda kimekwenda chini mpaka kwenye nyama, na hakuwa na ulimi wa kumshtakia mtu. Lakini jambo la kuonekana halihitaji ulimi. Mwanawe akimwona vizuri mara moja tu, atakuja amtoe humu. Usiku na mchana Mama hakuwa na wazo jingine.

Fundi wa kwanza alikuwa wa kampuni ya waya, bwana mmoja mnene aliyeipenda kazi yake kama wengine wanavyopenda mpira. Aliunganisha ruta ya majaribio sebuleni, akafungua programu ya kupima kasi kwenye simu, na namba zikapanda mpaka mia.

"Hiyo ni ya kuingia, mama," alisema. "Ngoja uone ya kutoka."

Ya kutoka nayo ikapanda mpaka mia.

"Kuingia na kutoka ndiyo nini?" Mpambaji aliuliza.

Fundi hakusubiri kubembelezwa. "Kuingia ni kile unachovuta wewe. Filamu, nyimbo, sura ya mtu unayeongea naye. Kutoka ni kile unachopeleka, yaani sura yako mwenyewe iende ikaonekane kule. Wenzetu wanatangaza ile ya kuingia tu, ya kutoka hawaitaji kabisa, maana inatia aibu. Sisi zote sawasawa."

Mpambaji alichezea pete yake.

"Kwa hiyo ipo kampuni ambayo mimi namwona mtu vizuri, ila yeye hanioni?"

"Wale wa dishi ndio zao hizo. Ukiwachukua hao utajuta."

"Asante fundi. Umenisaidia kuliko unavyodhani."

Fundi aliondoka akijua amepata mteja. Masikini, alikuwa amempatia mwenzake.

Wa kampuni ya laini za simu alikuja na ruta yake ya kuchomeka kadi, na namba zake zilipanda na kushuka ovyo, mara juu sana, mara chini kabisa. Mpambaji hakuipenda hata kidogo. Kitu cha kubahatisha kinaweza kumuumbua mtu siku moja. Wa dishi alipanda juu ya paa, akafunga, akashuka akapima. Ya kuingia ilikuwa hamsini na zaidi. Ya kutoka haikufika hata moja. Fundi yule aliikinga ile namba kwa kidole gumba kama mtu anayeficha jino bovu.

"Ondoa kidole, nimeshaona," alisema Mpambaji. "Nachukua hii."

Akapiga picha ya ile hamsini peke yake, akamtumia mdogo wake. Kitindamimba alifurahi. Akajibu kwamba hata yeye huko aliko hana kasi kama hiyo.

Jumapili ilipofika Mpambaji alitundika satini nyeupe nyuma ya kitanda, akachomeka maua, akamfunga Mama kilemba kizuri na kumpaka mafuta usoni. Blanketi alilivuta mpaka kidevuni. Halafu simu ikaita, na Mama akamwona mwanawe. Tena alimwona hasa. Aliona mvi zilizoanza kwenye ndevu, aliona kifungo cha shati kilichofungwa vibaya, aliona mpaka ufa kwenye kikombe chake cha chai. Yule mwana naye, kwa upande wake, aliona kitu cheupe chenye doa la kahawia katikati.

"Mama unapendeza," alisema.

Mama alilikamata blanketi kwa mkono wake mzima na kulivuta. Lilikuwa zito lakini alilivuta mpaka likashuka chini ya kiuno, na nyonga ikawa wazi kabisa mbele ya kamera. Ng'ambo, lile doa lilitikisika kidogo.

"Anakupungia mkono," Mpambaji alisema, akitabasamu upande wa kamera. "Kakukumbuka huyo."

"Nami nakupungia, Mama."

Simu ilipokatika Mpambaji hakupiga kelele. Alirudisha blanketi taratibu, akaketi kwenye kiti kimoja cha kukodisha.

"Ulifikiri anakuona?" alisema. "Yeye anaona ukungu. Wewe ndiye unayemwona, basi mwangalie mpaka ushibe, si ndiye mwanao? Mlikaa na Baba mkasema wa kiume ndiye atakayesoma. Mimi nikabaki kufunga maua. Leo kasoma, yuko wapi? Anayekunusa ni mimi."

Hayo ya shule yalikuwa kweli tupu. Nayasema ili mtu asije akadhani alizaliwa na roho hiyo. Lakini kidonda cha Mama hakikujua nani alisoma na nani hakusoma, kiliendelea kula tu. Siku ile maji hakupewa mpaka jioni, kwa maelezo kwamba anayekunywa hukojoa, na anayekojoa hufuliwa.

Ikawa ndiyo desturi ya kila Jumapili. Kitindamimba alilalamika kidogo, akaambiwa labda tatizo liko huko kwake, akaamini. Lakini nimpe haki yake: bado alikuwa anataka kumwona mama yake. Basi siku moja, pasipo kumwambia dada yake, aliingia kwenye tovuti ya kampuni ya waya, akaagiza na kulipa mwenyewe. Akaagiza na tableti, na akaandika kwamba kila kitu kifungwe chumbani kwa mama, na tableti ipangwe kujipokea yenyewe simu yake ikiingia. Alitaka kuwashtukiza kwa furaha.

Fundi alifika Jumamosi, yule yule bwana mnene. Mpambaji alikuwa amekwenda kupamba ukumbi, na aliyefungua mlango ni mumewe. Huyu mtaani wanamwita Bwana Haya, kwa kuwa hilo ndilo neno analolimudu. Ukimwambia mvua inakuja, haya. Ukimwambia nyumba inaungua, haya.

"Nimetumwa kufunga mtandao chumba cha mama mzee. Umeshalipiwa," fundi alisema.

"Haya," akajibu Bwana Haya, na kumwonyesha mlango wa nyuma.

Fundi aliingia, akasimama. Harufu ilimpokea kabla ya mgonjwa. Alimtazama Mama, Mama akamtazama, akasema "ta".

"Huyu mama anageuzwa kweli?" fundi aliuliza.

"Mke wangu ndiye anajua."

Fundi alisogeza viti, akapitisha waya, akasimamisha tableti kwenye meza ya maua miguuni pa kitanda, akapima kasi. Mia kwa mia. Akaondoka akipumulia mdomo. Alikuwa ametumwa waya, na waya alikuwa ameufunga vizuri sana.

Kampuni ilimwarifu aliyelipa kwamba kazi imekwisha, na hazikupita dakika nyingi tableti ikaita, ikajipokea.

Kitindamimba alikuwa jikoni kwake, chai mkononi, nyuma yake dirisha lenye pazia jepesi. Uso wake wote ulikuwa kicheko.

"Mama! Nimewachezea ujanja. Hata dada hajui. Leo nakuona mpaka..."

Hakumaliza. Siku hiyo hapakuwa na satini wala kilemba wala mafuta. Mama alikuwa ameshalishika blanketi. Alilivuta, likakwama, akalivuta tena kwa nguvu zake zote mpaka likaanguka sakafuni, akajisukuma kwa kisigino cha kushoto ili nyonga ielekee kamera.

"Ta," alisema. "Ta, ta."

Macho hayana pazia. Kitindamimba aliona kidonda chenye upana wa kiganja na kitu cheupe ndani yake. Aliona shuka lililokauka njano, mapaja yaliyobaki mifupa, nzi, na matao ya harusi yaliyoegemezwa ukutani.

"Mama, hiyo ni..." alisema.

Kisha macho yake yakahama kwenye kioo, yakaenda pembeni. Mama alimzaa na kumlea, aliujua uso huo tangu ukiwa wa mtoto aliyevunja sahani. Aliona mawazo yakipita humo moja moja: safari, likizo ambayo hana, vita na dada yake, mkewe ambaye alikwishasema nyumba yao ni ndogo. Alimwona mwanawe akitafuta mlango wa kutokea.

Halafu Kitindamimba akaganda. Kinywa nusu wazi, kikombe hewani, macho hayapepesi.

Mama alisubiri. Mwaka mzima alikuwa akisikia habari za picha kukwama, ingawa tangu dishi lifungwe ya mwanawe haikuwahi kukwama hata mara moja. Labda leo imekwama. Alimwomba Mungu iwe imekwama. Lakini nyuma ya mwanawe pazia lilikuwa linapepea, na moshi wa chai ulikuwa unapanda polepole kutoka kwenye kikombe. Mkewe alipita na kapu la nguo, akasimama.

"Mbona umekaa hivyo?" aliuliza mke.

Kitindamimba hakujibu. Mkono ulioshika kikombe ulikuwa umeanza kutetemeka kwa kuchoka. Kisha kidole cha mkono mwingine kikatambaa mezani taratibu, kikapanda kwenye kioo, kikakata simu.

Mama hakulia. Alibaki hivyo hivyo wazi, kwa sababu blanketi lilikuwa sakafuni na mkono haukufika.

Mpambaji alirudi jioni, akaukuta waya, akaukuta ule mlango wa nyuma wazi, akaikuta tableti imemkodolea Mama macho.

"Umemfungulia nani wewe?" alimuuliza mumewe.

"Fundi. Katumwa na shemeji."

"Na shemeji yako kapiga?"

"Nilisikia kama sauti yake."

Ndipo simu yake ikalia ujumbe. Aliusoma amesimama, akausoma tena ameketi. Mwishowe alimsogelea Mama, akainama, akamsomea kwa sauti nzuri, ile anayowasomea wateja bei.

"'Dada, nilitaka kuwashtukiza lakini hata hii ya waya inakwama, sikuona kitu. Warudishieni vitu vyao. Ile ya dishi inatosha. Msalimie Mama, mwambie nampenda sana.'"

Mpambaji si mjinga. Alielewa pale pale kwamba siku zote alijichosha bure, akijificha kwa mtu ambaye angemsaidia kuficha. Aliokota blanketi, akamfunika Mama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka kwa moyo mweupe.

"Umeona mwanao?" alisema. "Sasa tuko wawili."

Kesho yake, Jumapili, satini ilitundikwa, kilemba kikafungwa, na Kitindamimba akatokea safi kabisa, kanyoa ndevu.

"Mama, leo unapendeza kuliko siku zote," aliliambia lile doa.

Mama alifumba macho ili asimwone, na hilo nalo halikufika kule.