Filimbi na Kikombe Chekundu

Nesi wa zahanati ya Haneti alitazama vinyama laini vilivyoota ndani ya mdomo wa chini wa Penina, akasema ni virusi, na kwamba virusi vya jamii hiyo wengine huvipata kitandani. Penina hakusikia lolote baada ya hapo. Mumewe, Elisante, alikuwa dereva wa ofisi mjini Dodoma, nyumbani akirudi Ijumaa kwa Ijumaa. Sasa mwanamume wa Ijumaa, siku nyingine analala na nani? Akaapa moyoni kwamba maabara ikisema ni vya kitandani, anafunga virago na kurudi kwao Mlali.

Akaaga kwamba anafuata mbegu za alizeti mjini. Maabara ya kwanza ilikuwa na vioo vinavyong'aa. Mpimaji alitaka kumtoboa kidole, majibu dakika kumi, bila hata kumtazama mdomoni. Penina akainuka akaondoka. Ya pili walimwambia kinyama kama hicho hupelekwa Dar es Salaam, na majibu yanarudi lini hawakujua. Ndipo akaelekezwa kliniki moja ya meno upande wa Chimwaga. Daktari Frida alimchoma ganzi, akakata kinyama kimoja, akasema aina ya kirusi itasomwa hapo hapo, arudi baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo Elisante alikiona cha moto. Alinunuliwa kikombe chake peke yake, chekundu, cha plastiki. Mashati yake yalinuswa kabla ya kufuliwa. Simu yake ikilia, Penina alitega sikio hata kama ni bosi anayepiga. Elisante hakuuliza kitu, na huko kutouliza ndiko kulikomchoma Penina kuliko yote.

Siku ya majibu Daktari Frida alimkalisha, akafunua karatasi.

"Si vya kitandani, mama. Aina hii huhama kwa mate, mara nyingi kwa watu wanaochangia vitu, na haina hatari. Wewe unachangia nini, na nani?"

Penina alitaka kusema hakuna, kisha akaikumbuka filimbi. Yeye na rafiki yake Anjelina ndio walioongoza ngoma ya kina mama kila Jumamosi. Mmoja akichoka kupuliza, mwenzake huipokea filimbi ile ile, na haifutwi, maana kuifuta ni kumwambia mwenzako kuwa unamwona mchafu. Na Anjelina tangu Krismasi alikuwa akicheka ameziba mdomo. Kumbe! Mume ametengewa kikombe, na Jumamosi zote mbili filimbi imepulizwa kama kawaida. Penina aliona aibu, lakini furaha ilizidi, akapitia buchani kununua nusu kilo ya nyama.

Ilikuwa Ijumaa. Elisante alipofika, Penina alimweleza yote, akamwomba radhi, akachukua kile kikombe ili akitupe. Elisante akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mama Hilda, si ungesema tu? Uliponipa kikombe changu nilijua umesikia maneno ya watu. Nikakimbia kupima kila kitu. Niko safi, ona mwenyewe."

Akachomoa karatasi kwenye pochi. Penina aliisoma taratibu, maana karatasi za maabara alikwisha kuzizoea. Kweli alikuwa safi, kila mstari, mpaka chini kwenye muhuri. Kikombe alikuwa amempa katikati ya Aprili. Muhuri ulikuwa wa Februari.

Penina aliikunja karatasi, akamrudishia. Alikiosha kikombe chekundu, akakifuta, akakirudisha rafuni mahali pake.