Polishi ya Gari la Nesi Honorata

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, Nesi Honorata, mkunga wa Kigoma, aliwafuata huko huko na gari lake, Pijo ya buluu. Mjamzito akizidiwa, awe kijijini au mjini, alimlaza kiti cha nyuma na kumkimbiza hospitali. Hivyo ndivyo alivyomwokoa Mapendo, mke wa Asumani, pamoja na binti aliyekuwa tumboni.

Asumani aliishi Rusimbi, mtaa wa mjini Kigoma, na kazi yake ilikuwa kupiga polishi magari kwa mkono. Aliposikia nesi amehamishiwa Tabora, na kwamba gari litapakiwa kwenye treni kesho yake, akamwendea.

"Shikamoo, mama. Niachie gari leo. Usiende ugenini na vumbi letu."

Matawi ya njiani yalikuwa yameichuna rangi, jua likaifubaza. Asumani alipaka dawa ya polishi, akasugua kwa kitambaa cha flana, duara juu ya duara, mpaka boneti likaanza kuonyesha mawingu. Alipoinua mkono kuanza paa, bega likakaza. Akajaribu tena, mkono ukagoma kabisa.

Hamdani, fundi jirani yake, akamletea mashine ndogo ya polishi aliyoinunua Bujumbura kwa bei ya chini.

"Hiyo siitaki," Asumani akasema. "Hii ni shukrani, Hamdani. Shukrani utaipigaje kwa mashine?"

"Siku Mapendo alipozidiwa, ulimkataza nesi asimpakie garini kwa kuwa gari ni mashine?"

Asumani akamtazama, kisha akacheka huku ameshika bega. "Haya, bwana. Washa."

Mashine ilikuwa ya bei rahisi kweli. Ilichemka upesi, ikanuka, wakalazimika kuipumzisha kila mara. Hamdani aliipitisha juu ya paa na milango. Kwenye kingo, ambako ingekula rangi mpaka bati, Asumani alisugua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole. Mapendo akawaletea ugali na samaki wa migebuka, akamwacha mtoto mkekani, akachukua flana akafuta vioo. Adhana ya magharibi iliwakuta wanamalizia.

Asubuhi nesi alilizunguka gari. Akapitisha kiganja kwenye mlango, kisha akaona Asumani ameshika bega.

"Asumani, umefanya haya yote kwa bega hilo?"

"Si peke yangu, mama. Hamdani amefanya kubwa kuliko mimi."

Nesi akawapa mkono wote watatu, akambusu mtoto, machozi yakimlengalenga. "Mungu awaweke," akasema, akaondoa gari taratibu kuelekea stesheni.

Asumani akafuta mashine, akamrudishia mwenyewe. Hamdani akaisukuma nyuma.

"Kaa nayo mpaka bega lipone. Mapendo na mtoto watakula nini, maneno?"

Asumani akaipokea mashine, akaiweka chini. Akamshika Hamdani mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Asante sana."