Kapu Moja la Mtukufu Sishibi

Nchi ya Zibuli ilikuwa milima ya kijani mgongoni na nyeusi tumboni, na wakuu wake, waliokaa mbali bondeni katika mji wa Marumaru, mgongo ule hawakuujali hata kidogo. Walilijua tumbo tu. Mtukufu Sishibi alipoambiwa kuna makaa ya mawe kule juu, alitandika reli kutoka machimboni hadi mlangoni pa ghala lake, kisha akaweka sheria: garimoshi halibebi watu, kwani mtu mmoja huchukua nafasi ya kapu moja zima. Makubwa hayo!

Lakini garimoshi haliendi kwa makaa peke yake. Linakunywa maji, tena linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Maji yalikuwa Kinyasi, katikati ya njia, na mshika koki ya tangi alikuwa Nyamizi. Alilipenda garimoshi lile, jamani! Aliliita Bi Mkubwa, akalifuta masizi kwa upindo wa kanga, akaligombeza likichelewa. Miaka thelathini alimpa dereva Lusinde kifurushi cha karanga ampelekee Tabu, bintiye aliyeolewa Marumaru, na miaka thelathini alirudishiwa salamu. Wajukuu wanne, hata mmoja hajampakata.

Makaa yalipokwisha mlimani, garimoshi liliteremka na shehena ya mwisho, makapu yamepangwa hadi juu, na Sishibi mwenyewe kayakalia kuyalinda. Likasimama Kinyasi kunywa. Lusinde akashuka, macho chini.

"Shangazi, hii ndiyo safari ya mwisho. Nyuma yetu wanang'oa reli."

Nyamizi aliishika koki, asiifungue.

"Basi leo napanda."

"Sheria huijui, bibi?" Sishibi alifoka kutoka juu ya behewa. "Nafasi hakuna!"

"Naijua sana, baba. Mtu mmoja, kapu moja. Shusha kapu, nikae. Nikishakaa, Lusinde atafungua maji."

"Kapu langu?"

"Au ushuke wewe. Mimi sina ubaya na mtu."

Sishibi akalitazama kapu, akajitazama, akalitazama tena kapu, akalikumbatia. Lusinde akajifanya anakagua magurudumu, kajiziba mdomo kwa kofia asicheke. Mvuke ukaanza kufifia.

Nyamizi akaketi kwenye ngazi ya tangi, akafungua kifurushi, akatafuna karanga mbili, akakifunga tena. Zilizobaki zilikuwa za wajukuu.