Ukaguzi wa Miguu

Babu alianza kufua soksi zake mwenyewe, na hilo ndilo lililomtia bibi wasiwasi.

"Tangu anioe hajafua hata leso," alininong'oneza jikoni nilipofika likizo kutoka chuo cha uuguzi. "Leo soksi? Mke mwenzangu, kuna jambo."

Babu alikuwa na kisukari, na asubuhi ile nilimwona akivuka ua huku akikanyagia kisigino tu cha mguu wa kulia. Kisukari hutia nyayo ganzi. Mtu huumia asijue, na kidonda kikiachwa, mguu unaweza kukatwa. Nilimwomba anionyeshe. Akacheka.

"Miguu hii imevuka milima na mzigo mgongoni. Leo ichunguzwe na bi mdogo wangu?"

Mimi si hodari wa kubishana. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye, akiwa anapiga brashi buti alizokuwa amevaa. Alistaafu jeshi akiwa sajenti, na mpaka leo buti zake zilimeta kama kioo cha kuchania nywele.

"Babu," nikasema, "askari wakirudi kutoka safari ndefu, mlijuaje nani ameumia miguu? Mliwauliza?"

Brashi ikasimama. "Askari haulizwi! Ukimuuliza atasema yuko salama. Anakaguliwa. Buti chini, soksi chini, miguu juu. Kabla ya chakula."

"Mlikaguaje?"

"Vua viatu."

Nikavua. Akaupakata mguu wangu kwa viganja vyake vikavu, akatenganisha vidole kimoja kimoja, akachungulia katikati yake, kisha akageuza kisigino. Hapo akakuta lengelenge la viatu vyangu vipya.

"Hili la lini?"

"Juzi."

"Na umenyamaza! Anayeficha lengelenge leo, kesho anabebwa na wenzake. Unataka kubebwa?"

"Hapana, afande."

Akatabasamu. Nikainamisha uso. "Na sajenti, yeye alikaguliwa na nani?"

Akarudia brashi yake upesi. "Na afisa. Afisa hayupo hapa."

"Afisa amefika!" Bibi alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. "Vua!"

"Mama watoto, acha masihara."

"Umeniona nikicheka? Soksi chini, mzee."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akainama kufungua kamba. Zilimchukua muda mrefu. Soksi ilikuwa imegandia nyama; niliilowesha kwa maji safi mpaka ikaachia yenyewe. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, kimelowa. Nikatia mkono ndani ya buti. Msumari wa fundi viatu ulikuwa umechomoza kwenye soli.

"Kikulacho kimo kiatuni mwako," bibi alisema, lakini mzaha ulikuwa umemwisha sautini.

"Haki ya Mungu, sikuuhisi," babu alisema. "Niliona damu tu. Yule rafiki yangu, Tarumbeta, alienda hospitali na kidonda kama hiki. Akarudi na mguu mmoja. Nikasema, nisipokwenda, hakuna wa kuukata."

"Alienda kilipoanza, babu?"

"Alienda kiliponuka."

"Chako hakinuki." Nilikifunika kwa shashi safi. "Ndiyo maana tunakwenda leo hii."

Bibi alimletea kandambili. Njiani babu aliniegemea begani, mzito na mwenye joto.

Hospitalini daktari alikisafisha kidonda, akakipima kina, akaupapasa mguu wote hadi gotini. Babu alikodolea dari macho kama aliye gwarideni. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mguu utabaki?"

"Utabaki, mzee wangu, ukiupumzisha na kuutazama kila siku. Mmewahi."

Babu akashusha pumzi. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akavua kandambili ya pili, akauinua na mguu wa kushoto ukaguliwe.