Kicheko cha Sekela

Gibson, fundi mitambo wa usharika wetu pale Chang'ombe, alitengeneza albamu isiyo na kinanda wala gitaa. Kila mlio ulitoka kinywani mwa mwanakwaya. Aliurekodi, akaukata vipande kwenye kompyuta, akavirudiarudia mpaka vikawa mdundo.

Alikuwa amewaambia wanakwaya wampe sauti yoyote. Tusajigwe, mwimbishaji wa kwaya, alikunywa tangawizi wiki nzima, akaimba beti zote nne za wimbo wake bila kukosea. Sekela alichelewa, akajikwaa kwenye waya, akacheka. Basi.

Ikafika Jumapili ya kuiombea albamu, maana kazi ya kwaya haitoki bila kuombewa. Spika zilipowashwa, ukumbi ulijaa kicheko cha Sekela. Kilipanda, kikashuka, kikageuka ngoma, kikageuka kitu kama mvua juu ya bati. Watu wakasimama kucheza. Tusajigwe alisikiliza nyimbo zote akijitafuta.

"Mwanangu, wimbo wangu uko wapi?" alimuuliza Gibson pembeni.

"Mama, wako ulikuwa umekamilika. Sikuona pa kuukata."

Sekela akapita akijifuta jasho. "Dada Tusa, mie hata noti sizijui, ona sasa nimekuwa msanii."

"Naona. Cheka tena, usije ukasahau."

Mwenyekiti wa kwaya akamwita Tusajigwe mbele aombe. Aliziombea spika. Aliombea umeme usikatike. Alimwombea Gibson, na kompyuta yake iepushwe na wezi. Alipofika kwa Sekela akanyamaza. Kimya kikawa kirefu, watu wakaanza kufumbua macho.

"Dada, umenisahau," Sekela alinong'ona kutoka kiti cha mbele.

"Sijakusahau." Akavuta pumzi. "Bwana, unajua ninavyomwonea wivu huyu. Tangu asubuhi nashindwa hata kumtazama. Mbariki wewe, maana mimi leo siwezi."

Wa kwanza kusema amina alikuwa Sekela, na hakucheka.

Watu walipokuwa wakitoka, Gibson alimfuata Tusajigwe na simu mkononi. "Mama, nilikuwa narekodi ibada. Ile pumzi uliyovuta baada ya kunyamaza, sijawahi kusikia kitu kama kile. Naomba niiweke mwanzo kabisa, kabla ya kicheko."

Mwanzo kabisa. Tusajigwe aliitamani sana nafasi ile.

"Ile nilimpa Mungu," alisema. "Ifute. Hapa hapa, nikuone."